Kila Kipande cha Mpini Wangu Kilikuwepo Zamani. Je, Bado Ni Uvumbuzi?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi kuhusu hataza yake (haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake), nimemfupisha kidogo:

"Nina hataza ya Marekani ya mpini unaokunjwa wa toroli la kubebea maboksi. Hauna kitufe wala springi. Ukilivuta toroli, pini iliyo kwenye kitako cha mpini inazidi kuzama kwenye pengo lake. Ukitaka kuukunja, unausukuma chini milimita chache, pini inatoka, unaulaza. Kampuni nyingine imeanza kuuza mpini kama huo. Nilipowaandikia, wakili wao akanijibu kwamba hataza yangu ni batili kwa sababu uvumbuzi wenyewe ni 'jambo dhahiri'. Ameambatanisha hataza mbili za zamani: ya kwanza ni mpini wa toroli unaofungwa kwa kitufe cha springi, ya pili ni komeo la sanduku la zana ambalo ndoano yake hukaza kadiri linavyovutwa. Anasema fundi yeyote angeziunganisha. Ofisi ya hataza ilishanipa hataza, yeye anapata wapi haki ya kusema haifai? Na kama kila kipande kilikuwepo, ndiyo nimeshindwa?"

Hujashindwa, lakini usianze kushangilia. Nimeyasoma madai yote kumi na mawili ya hataza yako, yaani vifungu vinavyotaja hasa kile unachodai kuwa ni chako, pamoja na viambatisho viwili ulivyonitumia. Komeo lake la sanduku halinitishi. Kinachonitisha ni kitu ambacho hajakitaja, na nitakitaja mimi hapa kwa sababu ni heri ukisikie kwangu kuliko mahakamani.

Kwanza hilo la haki yake. Hataza ikishatolewa huchukuliwa kuwa halali mpaka mtu athibitishe vinginevyo, na mzigo wa kuthibitisha humwangukia anayepinga. Mbele ya jaji mzigo huo ni mzito: mwaka 2011, katika kesi ya Microsoft na i4i, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisisitiza kwamba ushahidi wa kubatilisha hataza lazima uwe wazi na wa kushawishi. Lakini tangu Septemba 2012 ipo njia nyingine. Mpinzani anaweza kurudi kwenye ofisi ileile iliyokupa hataza na kuliomba jopo la majaji wake liyapitie madai yako upya, na huko inatosha mizani ielemee upande wake hata kwa punje. Mkaguzi aliyekupitisha alikuwa mtu mmoja, ana mafaili mengi mezani, akatafuta alichoweza kukipata. Wakili wa mshindani wako ana faili moja tu, nalo ni lako.

Sasa swali la pili, ambalo ndilo lenye uzito. Kama sharti lingekuwa kila kipande kiwe kipya, pasingetolewa hataza hata moja ya kitu cha chuma. Bawaba, pini, kabari, nyenzo, skrubu, hivi vyote ni vikongwe. Sheria huuliza jambo jingine: siku ulipowasilisha ombi lako, fundi wa kawaida wa kazi hii, akiwa amezungukwa na vitangulizi vyote, yaani hataza, maandishi na vitu vilivyokuwepo kabla yako, je, kitu unachokidai, kikitazamwa kwa ujumla wake, kingekuwa dhahiri kwake? Fundi huyo hayupo duniani. Ni mtu wa kuwaziwa tu, aliyesoma kila hataza iliyowahi kuchapishwa katika fani yake, kwa lugha zote, asisahau hata moja, na bado akabaki na ubunifu wa wastani. Kesi za namna hii, ukizivua joho la kisheria, ni ugomvi juu ya nini kingepita kichwani mwa mtu huyo ambaye hajawahi kuzaliwa.

Na ajabu ni kwamba kesi iliyolizaa wazo hili ilihusu kishikio. Mwaka 1841 ilitolewa hataza ya vishikio vya mviringo vya kufungulia milango, vilivyotengenezwa kwa udongo wa mfinyanzi au kauri badala ya mti au chuma. Ndani ya kishikio paliachwa shimo jembamba mdomoni na pana kwa ndani. Ukiingiza ufito wa chuma na kumimina metali iliyoyeyushwa, ikipoa haitoki tena. Kazi safi. Mwaka 1851, katika kesi ya Hotchkiss na Greenwood, Mahakama ya Juu ilisema ufito ule ulishajulikana, namna ya kuufunga ilishajulikana, na vishikio vya udongo vilishajulikana pia. Kilichobaki ni kubadili malighafi, na hiyo ni kazi ya fundi stadi, si ya mvumbuzi. Jaji mmoja hakukubaliana na wenzake. Kumbuka kwamba hoja ya kuwa kishikio kile kilikuwa bora na nafuu ililetwa mahakamani na haikukiokoa. Nasema hivi kwa sababu barua yako ya kwanza kwa kampuni ile imejaa neno "bora" kuanzia juu mpaka chini.

Baada ya hapo mahakama ziliyumba kwa miaka mingi. Mwaka 1941, katika kesi ya Cuno iliyohusu kiwashio cha sigara cha kwenye gari, kile unachokichomoa kwa kirungu chake kikishapata moto, majaji walitaka uvumbuzi uonyeshe kama mmweko wa kipaji kichwani. Bunge la Marekani halikupendezwa na mtindo huo. Sheria ya hataza ya 1952 ikaandika sharti la udhahiri waziwazi katika kifungu cha 103, ikaongeza kwamba hataza haitanyimwa kwa sababu ya namna uvumbuzi ulivyopatikana. Uwe uliamka usiku na jibu kamili, au ulihangaika miaka mitatu na vyuma chakavu, haihusu. Umeniandikia ukurasa mzima kuhusu usiku ulioota mpini huu. Ni hadithi tamu, ila jopo halitaisoma.

Kesi ambayo kila wakili wa fani hii anaijua kwa moyo ni ya Graham na John Deere, ya 1966. Graham alikuwa na jembe la kukokotwa, lenye meno ya kupasua ardhi ya mawe. Jino likigonga jiwe, ufito wake huinuka, kisha springi huurudisha chini. Katika hataza yake ya mwanzo ufito ulikaa juu ya bamba la bawaba, na ukawa unalila bamba lililo juu yake. Katika hataza ya pili aliugeuza, ukakaa chini ya bamba. Mahakama ikasema kuugeuza ufito ndilo jambo ambalo fundi angelifikiria mara moja. Graham akajitetea kwamba mpangilio mpya unauacha ufito upinde kwa uhuru zaidi, ndiyo maana hauvunjiki. Huenda ni kweli, lakini majaji waliona kwamba hoja hiyo hakuwahi kuitaja alipokuwa akiomba hataza. Ilikuwa imezaliwa kwenye kesi.

Hapo ndipo wewe una bahati. Fungua ukurasa wa tano wa maelezo ya uvumbuzi wako, aya inayoanza "Toroli linaposukumwa kwenye mteremko". Sijui kama ulipoiandika ulijua thamani yake. Tutairudia.

Wakili wao hataiegemea kesi ya Graham, ataegemea KSR na Teleflex ya 2007, nakuhakikishia. Hiyo ilihusu pedali ya gari: pedali inayosogezwa mbele na nyuma kumfaa dereva, ikafungiwa kihisi cha umeme kwenye egemeo lisilosogea. Pedali za kusogezwa zilikuwepo, vihisi vilikuwepo. Mahakama ya rufaa inayosikiliza kesi za hataza ilikuwa na desturi ya kutaka maandishi au dalili mahususi inayomwelekeza fundi aviunganishe vitu hivyo. Mahakama ya Juu, majaji wote kwa sauti moja, ilisema ukali huo umepita kiasi. Fundi si mashine. Vifaa vya kawaida vinaweza kuwa na matumizi nje ya kusudi lake la mwanzo, na mtu mwenye akili zake hupanga mafundisho ya hataza kadhaa kama vipande vya picha. Sababu ya kuviunganisha inaweza kutoka sokoni, kwenye shida inayojulikana, au kwenye akili ya kawaida tu.

Tangu hapo kubatilisha hataza za vifaa rahisi kumekuwa rahisi zaidi. Mfano mmoja wa karibu nawe ni kesi ya Wyers na Master Lock ya 2010, ya kufuli za pini zinazofunga trela kwenye gari. Kuongeza kifuniko cha nje cha kuzuia vumbi na maji kulihesabiwa kuwa dhahiri, kwa kuwa kufuli za kawaida zilishakuwa na vizuizi vya namna hiyo.

Ila kuna jambo ambalo mawakili wa upinzani hupenda kuliruka wanapoisoma hukumu ya KSR. Mahakama haikusema sababu haihitajiki. Ilisema sababu iwekwe wazi. Na barua ya wakili huyu ina tundu hapohapo: anasema fundi yeyote "angeziunganisha", hasemi kwa nini.

Basi nikajaribu mimi mwenyewe. Niliiweka michoro miwili mezani na penseli mkononi. Kwenye mpini wa kitufe, pini ya springi inapita kwa upande, ikikata bomba la mpini kutoka kushoto kwenda kulia. Tundu la bawaba ni la duara, mpini unazunguka tu, haupandi wala haushuki. Tena maelezo ya hataza hiyo yanasisitiza bawaba isiwe na mchezo hata kidogo, la sivyo pini haitakutana na tundu lake. Kwenye komeo la sanduku, ndoano iko nje, inavutwa na kijiti cha nyenzo, na inakaza kwa sababu mvuto unafuata urefu wake. Sasa unganisha. Nikilifunga komeo lile kwenye mpini, ninapata mpini wenye komeo na kijiti cha kufungulia. Huo si mpini wako. Ili niufikie wako inanibidi nikitupe kitufe, niitupe springi, nilirefushe tundu la bawaba liwe kama yai, kisha niihamishe pini mpaka kwenye kitako cha mpini. Mambo manne, na hakuna hata moja lililoandikwa kwenye viambatisho vile viwili. La tatu linapingana moja kwa moja na kitangulizi cha kwanza: kinataka bawaba isicheze, wewe umeifanya icheze makusudi.

Mahakama zina kumbukumbu ya jambo kama hili. Mwaka 1984, katika shauri la Gordon, ofisi ya hataza ilikikataa kichujio cha damu kwa hoja kwamba ni kichujio cha zamani cha mafuta kilichopinduliwa juu chini. Mahakama ya rufaa ikauliza: kile cha zamani kikipinduliwa, bado kinafanya kazi yake? Hakifanyi. Basi fundi angekipindua kwa sababu gani?

Iliyo karibu nawe zaidi ni ya 2014, shauri la Giannelli, nayo ni ya vishikio hasa. Giannelli aliomba hataza ya mashine ya mazoezi ya kuvuta, ile ambayo mtu anakaa na kuvuta vishikio kumwelekea kama anayepiga makasia. Mkaguzi alimletea mashine ya kusukuma kwa kifua, akasema mtu akigeuka na kuvuta vishikio vilevile atakuwa amefanya jambo lilelile. Jopo la ofisi likakubali. Mahakama ya rufaa ikatengua. Kwamba vishikio vya kusukumwa vinaweza kuvutwa si hoja. Dai lilizungumzia vishikio vilivyotengenezwa kwa ajili ya kuvutwa, na hakuna aliyeeleza kwa nini fundi angeibadili mashine ya kusukuma iwe hivyo. Huko Ulaya, ambako wanapima hatua ya uvumbuzi kwa kuanzia na kitangulizi kilicho karibu zaidi na shida ya kiufundi iliyobaki, wana namna nzuri ya kuliweka hili: haiulizwi kama fundi angeweza, inaulizwa kama angefanya. Kiswahili chetu kinaibeba tofauti hiyo bila shida, lakini barua za mawakili huipoteza kila siku.

Hapa pia ndipo penye mtego wa kila kesi ya mpini, kufuli na kifuniko. Kitu kikiwa rahisi, ukishakiona huwezi tena kukumbuka ulivyokuwa kabla hujakiona. Ni kama kitendawili: jibu likishatajwa, kila mtu anaapa kwamba lilikuwa ulimini mwake. Mpini wako una vipande vitatu vinavyosogea. Jaji ataukunja, ataukunjua, atacheka, na hapo ndipo hatari ilipo.

Mpaka hapa unaona mambo yanakwenda vizuri. Sasa lile nililokuahidi.

Mimi ningekuwa wakili wao nisingehangaika na komeo la sanduku. Ningekwenda kwenye meza za kukunja. Umewahi kukunja mguu wa meza ambao lazima uuinue kidogo kwanza utoke kwenye pengo, ndipo ulale? Tundu la bawaba yake ni refu. Pini inakaa kwenye pengo kwa uzito. Haina kitufe, haina springi. Sasa soma dai lako la kwanza polepole: mpini uliounganishwa na toroli kwa bawaba yenye tundu refu, na pini inayoingia kwenye pengo mpini unapovutwa. Ondoa maneno "mpini" na "toroli", weka "mguu" na "meza", na badala ya kuvuta weka uzito. Umebaki na nini?

Utaniambia meza si toroli. Jibu hilo halitakufikisha mbali. Mwaka 2004, katika shauri la Bigio, mtu aliyeomba hataza ya brashi ya nywele aliletewa miswaki ya meno kama vitangulizi. Alilalamika kwamba hiyo ni fani nyingine kabisa. Mahakama ikasema vyote viwili ni brashi za kushikwa mkononi, zenye mpini na kichwa cha nywele, vinafanana vya kutosha. Mwaka 2007, mashine ya kukimbilia inayokunjwa ya kampuni ya Icon ilipingwa kwa utaratibu wa kitanda cha kukunja, na kitanda kikashinda, kwa kuwa shida ya kuhimili uzito wa kitu kinachokunjwa ni ileile. Na sababu ya fundi wa matoroli kuutamani mguu wa meza haihitaji kutafutwa kwa tochi: unaondoa springi, unaondoa kitufe, unapunguza vipande vya kuvunjika na gharama ya kuunda. Hiyo ni hamu ya kila fundi, siku zote. Kwa maoni yangu dai la kwanza likikutana na mguu mzuri wa meza, litaanguka. Madai ya pili mpaka ya sita, yanayotaja unene wa bomba na aina ya chuma, yataanguka nalo.

Dai la saba ni jambo jingine.

Dai la saba linasema tundu limelazwa kwa pembe dhidi ya mstari wa mpini, ili mtu anaposukuma toroli lililoinamishwa, uzito wa mzigo wenyewe uirudishe pini kwenye pengo. Rudi ukurasa wa tano. Umeandika kwamba mipini ya mwanzo, yenye tundu lililonyooka, ilijifungua yenyewe mtu alipoacha kuvuta akaanza kusukuma mteremkoni: mkono unabana mpini kwa chini, mpini unateleza zile milimita chache, pini inatoka, mzigo unamwangukia. Hii ni shida ambayo meza haina. Meza haisukumwi mteremkoni ikiwa na maboksi. Toroli la kitufe nalo halina, kwa sababu mpini wake hautelezi. Shida hiyo inazaliwa pale tu unapoviunganisha viwili, na fundi anayesoma vitangulizi tu haioni mpaka aunde na kuangushiwa mzigo. Akishaiona, jambo la kwanza litakalomjia ni kurudisha springi, yaani kile alichotaka kukiondoa. Kulilaza tundu kwa pembe, ili mzigo ufanye kazi ya springi, ni mwendo wa kwenda upande ambao hakuna kitangulizi kinachouelekeza.

Dai hilo nitalitetea bila kupepesa macho. Na ulichonieleza kuhusu mpini wa mshindani, kwamba tundu lake "limepinda kama la kwangu", ndicho kitu cha kwanza ninachotaka kukipima. Nunua mmoja, tunza risiti, usiufungue kabla hatujaupiga picha. Kama tundu lao limenyooka, hawaligusi dai la saba, na mazungumzo yetu yatakuwa mafupi.

Kuna ushahidi wa aina nyingine unaosaidia: mauzo makubwa, haja iliyokaa muda mrefu bila jibu, wengine kujaribu na kushindwa, wataalamu kutoamini. Huu unaweza kuiokoa hataza. Siku ileile ya kesi ya Graham mahakama iliipa uhai hataza ya betri ya Adams, inayoamka kwa kutiwa maji ya kawaida, na sehemu ya sababu ni kwamba wataalamu walisema haitafanya kazi. Uingereza, mwaka 1999, kikombe cha mtoto kisichomwaga cha Mandy Haberman kilipingwa kwamba ni vali ya kawaida tu iliyowekwa kwenye kifuniko. Jaji Laddie akaona kwamba watengenezaji walikuwa na vipande vyote mkononi kwa miaka, shida wakiijua, soko likiwepo, na bado hakuna aliyefanya. Hataza ikasimama. Napenda kesi hiyo kuliko zote, kwa sababu inaufanya urahisi wa kitu uwe hoja ya mvumbuzi badala ya kuwa ya mpinzani.

Lakini usinitumie tu jedwali la mauzo. Mauzo lazima yatokane na kile kilichodaiwa. Mwaka 2019, katika ugomvi wa Fox Factory na SRAM juu ya gia za baiskeli, mahakama ilikataa kuyahusisha mauzo na dai kirahisi, kwa kuwa bidhaa iliyouzwa ilikuwa na mambo mengine muhimu ambayo dai halikuyataja. Toroli lako linauzwa pia kwa sababu ni jepesi na magurudumu yake hayana kelele. Ninachohitaji ni barua za wateja zinazosema mpini haufunguki mteremkoni. Hata hoja ya kuigwa haitoshi kwa kufanana tu: kesi ya Wyers ilitaka ushahidi kwamba mtu alijitahidi kukinakili kitu mahususi. Kama kuna mtu wao aliyenunua toroli lako kabla hawajatoa lao, tafuta ankara hiyo.

Jambo moja la tahadhari. Vitangulizi si hataza peke yake. Hataza ya ubao wa kuteleza majini kwa tanga iliangushwa Uingereza, katika hukumu iliyochapishwa 1985 ya Windsurfing na Tabur Marine, kwa sababu mwaka 1958 mvulana wa miaka 12, Peter Chilvers, alikuwa ameshaunda wake na kuutumia hadharani kwenye kisiwa cha Hayling. Vishikio vyake vilikuwa vijiti vilivyonyooka, si vya upinde kama vya kwenye hataza, lakini mahakama iliona vikibebeshwa upepo vilipinda vyenyewe. Kwa hiyo niambie ukweli: kabla ya kuwasilisha ombi, uliwahi kulionyesha toroli hili kwenye maonyesho, au kumuuzia mtu? Marekani inakupa mwaka mmoja wa msamaha kwa mambo yako mwenyewe. Kwingineko kwingi hakuna msamaha wa aina hiyo.

Kuhusu umbo la mpini, ule mkunjo wa kukaa kiganjani unaoupenda: huo ni wa hataza ya sura, inayolinda mwonekano wa kitu na si namna kinavyofanya kazi, nayo ina kipimo chake, na kipimo hicho kilibadilishwa Mei 2024 katika kesi ya LKQ na GM. Hapa hauingii. Usiuchanganye kwenye barua.

Sasa cha kufanya. Usiwajibu kwa hasira, na usitishie kesi bado. Barua ya vitisho inaweza kuwapa mlango wa kukimbilia mahakamani wao kwanza, kwenye mji wanaoutaka, kuomba itamkwe kwamba hawana kosa. Ukiwashtaki wewe, wana mwaka mmoja tangu wakabidhiwe mashtaka kulipeleka ombi la mapitio mbele ya jopo. Huko wanaruhusiwa kutumia hataza na machapisho tu. Mguu wa meza walioununua dukani hautoshi, lazima wapate karatasi yake. Nami nina hakika karatasi ipo, kwa hiyo tujipange kana kwamba wameshaipata. Barua yetu isimame juu ya dai la saba. La kwanza tusilitaje kabisa. Baadaye tunaweza kuiomba ofisi itoe hataza upya ikiwa na dai la kwanza lililobanwa kwa ile pembe. Kupunguza upana wa dai hakuna ukomo wa miaka miwili uliowekwa kwa anayetaka kulipanua.

Umenitajia mipini kumi na mmoja ya majaribio iliyo kwenye boksi, "mingine imevunjika, nilitaka kuitupa". Usiitupe. Ile yenye tundu lililonyooka ndiyo ninayoitaka zaidi, hasa yenye pini iliyochubuka upande mmoja. Ifunge kila mmoja kwenye mfuko wake, andika tarehe unayoikumbuka na kilichotokea siku hiyo, kisha nipigie.